Nadiri ya Mwalimu wa Jiografia

Alikuwa anaogopa mbuzi. Mbwa hata mimi nawaogopa, na nyoka ndiyo usiseme, lakini sijapata kumwona mtu mzima mwingine, mwenye tai na saa ya mkononi, anayesogea pembeni ya njia kuwapisha mbuzi huku akiwaambia, "Piteni, tafadhali, piteni." Sisi watoto wa shule tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye alisubiri wa mwisho apite, akajifuta jasho, akatueleza sababu kwa upole kama vile tuko darasani.

"Mbuzi jicho lake limelala upande. Hujui anatazama wapi. Na mimi, kitu nisichojua kinatazama wapi, nakiogopa."

Huyo ndiye Mwalimu wa Jiografia. Jina lake analo, na kwao anakujua mwenyewe. Mimi nilimjulia hapa kwetu vilimani, mwendo mfupi kutoka Makere, alikoletwa na kazi ya serikali kutoka pwani, akapanga chumba kwa mwenyekiti wa kitongoji, ng'ambo ya njia kutoka nyumbani kwa Bibi yangu. Alinifundisha mpaka nikamaliza darasa la saba, na nilipoanza biashara ya maandazi akawa mteja wangu wa kila asubuhi. Alichagua andazi kwa kuligeuza pande zote kwanza. Akiliona lina alama upande wa chini, alilirudisha.

"Chini ndiko mnakoficha mambo," aliniambia.

"Chini ndiko linakoiva, Mwalimu."

"Hilo nalo neno," akasema, akachukua lile lile.

Aliogopa radi. Radi za kwetu si za mchezo, kila msimu huondoka na ng'ombe wa mtu, na mara nyingine huondoka na mtu. Mwalimu akisikia ngurumo ya kwanza tu, alivua saa, akavua mkanda wenye chuma, akaja mbio kwa Bibi ameshika suruali kwa mkono. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, hata asubuhi za baridi ile inayotoa moshi kinywani tulimsikia anatawadha huku meno yanagongana. Lakini radi ikipiga karibu alimwambia Bibi, "Bibi, mimi nimeshasema na wa kwangu. Sasa na wewe sema na wa kwako." Bibi akatoa rozari kifuani. Wakakaa hivyo jikoni, kila mmoja na midomo yake inacheza, mpaka mvua ikatike.

Alikuwa mchoyo wa sukari kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, kopo lake lilikuwa na kamba tatu. Na mtu huyo huyo alipiga watu picha bure. Ukimwambia mtoto wako ana homa na hujawahi kupata picha yake, anakuja na kamera, anapiga, na filamu anaituma Kigoma na basi. Picha ikirudi baada ya mwezi au miwili, anakuletea ameifunga kwa gazeti. Kamera ile aliipata kabla hajawa mwalimu, alipokuwa kibarua wa wapima ramani, wale wanaopiga nchi picha kutoka kwenye ndege. Yeye alibeba vyombo vyao chini. Ndege yenyewe hakupanda, na ukimuuliza kwa nini, alikutazama kama umemtukana.

Mimi ndiye niliyempenda kwa sababu ya kamera. Nina ndoto yangu ya studio Kasulu mjini, karibu na stendi, yenye pazia lililochorwa ndege na maua, na redio inapiga muziki mchana kutwa, mambo poa. Alikuwa ananisikiliza bila kucheka. Aliuliza tu, "Na mlango wa nyuma umeuweka? Studio isiyo na mlango wa nyuma mimi siingii."

Sasa nifike kwenye tenga.

Alikwenda kwa msukaji wa matenga ya kuku, akamwambia amsukie moja la mviringo kabisa, kama mpira mkubwa, lenye tundu chini la kupitisha kichwa cha mtu. Msukaji akauliza ni kuku wa aina gani hao. Mwalimu akalipa, akaondoka. Akapanda kilima cha shule, akasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akapiga picha mbele, akaizungusha kidogo, akapiga, akaizungusha, mpaka akarudi alikoanzia. Kisha akainua kamera akapiga mbingu, akaiinamisha akapiga miteremko. Picha ziliporudi kutoka Kigoma alizibandika zote ndani ya tenga kwa uji mzito wa muhogo, zikiwa zimeunganishwa kando kwa kando. Akalitundika kwenye boriti.

Unainama, unaingiza kichwa kwa lile tundu, unasimama. Mwanga unapenya kwenye nyufa za fito. Mama yangu! Bonde lote limekuzunguka. Huku kanisa, huku migomba ya mwenyekiti, nyuma yako barabara ya Kasulu, juu mawingu. Ukigeuka, nchi inageuka nawe. Mara ya kwanza nilipiga kelele nikatoa kichwa nikakwaruza sikio. Picha ya ukutani unaitazama ukichoka unaondoka. Hii ilikuwa imekumeza.

"Hiyo inaitwa picha tufe," alitufundisha. "Macho yako yakiwa katikati, dunia inakuwa ganda la yai kwa ndani."

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona chini hakuna picha? Mbona pana tundu?"

Nilimwona anafurahi. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: NADIRI.

"Mahali palipo juu kabisa ya utosi wako, na mahali palipo chini kabisa ya nyayo zako, panatazamana. Hapo chini ndipo nadiri. Wapima ramani wanasema hivyo kwa pale chini ya tumbo la ndege. Na sisi wa picha tufe tunasema hivyo kwa pale chini ya kamera. Hapo hapapigiki. Ukipapiga utapata miguu ya stendi na viatu vyako mwenyewe. Kwa hiyo kila picha inayoona kila kitu, ina mahali pamoja isipopaona. Wapi?"

"Ilipo-si-ma-ma!" tukaitikia.

"Panaitwaje?"

"Naziri!"

"Nadiri."

"Naziri!"

Huku kwetu Kiswahili tunakijulia shuleni. Nyumbani ni Kiha, na kwa Bibi Kirundi, ambacho ni ndugu yake wa tumbo moja. Ile "dh" ya watu wa pwani, ya ulimi kuchungulia nje, kwetu inageuka "z". Neno tulilokuwa tunalijua ni nadhiri, ile ahadi unayomwekea Mungu, nasi tulisema naziri. Kwa hiyo darasa zima lilielewa kwamba Mwalimu ameweka nadhiri, na ameiweka chini ya miguu. Msichana mmoja nyuma akauliza, "Naziri ya nini, Mwalimu? Ya kuoa?" Maana hakuwa na mke. Tukacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Jioni Bibi naye akamuuliza. Bibi alikuwa haulizi kwa mzaha.

"Mwarimu, nasikia umeweka naziri."

"Hapana, Bibi. Nadiri. Haina 'dh' wala 'z'. Ni mahali tu."

"Mahali pa kuweka naziri."

"Mahali pa kusimama, Bibi!"

"Ego, ndiyo, mwana wanje. Naziri ni mahali pa kusimama. Umesema vizuri."

Mwalimu akaondoka ameshika kichwa. Lakini hakuwa mtu wa kuliacha neno. Alipokwenda likizo kwao alimuuliza mzee aliyemsomesha Kurani, akarudi na habari mpya, akaja nayo moja kwa moja jikoni kwa Bibi hata mzigo hajaufungua. Kumbe neno ni la Waarabu wa kale waliotazama nyota. Walisema nadhiri, kwa "dh" nzito, maana yake kinachotazamana na kingine, mwenzake wa upande wa pili. Ukoo wake ni mmoja na mandhari na nadharia, yote ni mambo ya kutazama. Wazungu wakalichukua wakalivunja meno, likarudi kwetu kwa vitabu vyao bila "dh". Na ile nadhiri ya kumwahidi Mungu ni neno jingine, huko lina herufi nyingine, ila kwenye ulimi wa Kiswahili yamekutana, yakafanana kama mapacha.

"Kwa hiyo," akasema, ameinama kidogo, "wewe, Bibi, ulikuwa karibu na asili kuliko kitabu changu."

Bibi alikuwa anachambua maharage. "Mimi nilijua," akasema.

Aliyecheka sana siku hiyo alikuwa Mama Faraja. Huyu alikuwa rafiki wa Bibi, ng'ambo ya kijito, mwenye nyumba ya mlango wa bluu. Rangi ya mlango ilibaki kwenye ukarabati wa kanisa, akaiomba, akapaka mlango mmoja tu ikaisha. Alimtania Mwalimu kila alipomwona. "Mwarimu, mbuzi wangu anakusalimia! Anauliza utakuja lini umwambie tafadhali!" Mwalimu aliinama kwa heshima akapita haraka. Bibi na Mama Faraja walivuka mpaka pamoja, zamani, mimi sijazaliwa, mama yangu akiwa mgongoni mwa Bibi. Walikimbia Burundi usiku mmoja kwa njia moja. Wakafika huku, wakalima, wakazika waume, wakaozesha. Baba yangu ni Muha wa hapa hapa; mama alipofariki nikalelewa na Bibi. Waliombana moto asubuhi na chumvi jioni, na mtu asiyewajua asingeweza kusema kwa matamshi yao wametoka mlima upi. Karatasi hawakuwa nazo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeziuliza.

Kisha ukaja mwaka wa kuulizwa.

Vita ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimewaka tena, watu walikuwa wanaingia kwa maelfu, makambi yalikuwa yamejaa na mengine yanafunguliwa, na ikatoka amri: mtu wa kutoka ng'ambo asiye na karatasi asikae kijijini, aende kambini. Nasema ilitoka, sisi tuliisikia kama tunavyosikia radi, kwanza mbali. Soko la Makere likapungua watu. Bibi akaacha kwenda kanisani, akasema magoti yanauma. Kila tukisikia injini barabarani tuliacha mikono hewani, mimi na donge la unga, Bibi na ungo, mpaka mlio upite. Usiku sikulala, nilikuwa nahesabu pumzi zake. Niliogopa nikifumba macho nitaamka kitanda kiko wazi.

Mwalimu aliogopa zaidi yetu, na yeye karatasi zote anazo!

Siku moja akaja bwana mmoja wa kutoka mjini na gari jeupe. Alikuwa amewahi kuja kwenye sherehe ya shule akaingiza kichwa kwenye tenga, na hakulisahau. Nyumba zetu zimetawanyika, moja huku bondeni, nyingine nyuma ya kichuguu, na akimuuliza mwenyekiti nani wa wapi, mwenyekiti anajibu, "Wote ni wetu, mkuu." Basi bwana akataka tenga, aone kila nyumba ahesabu wa ng'ambo. Tenga la zamani lilikuwa limeliwa na panya kwa ajili ya uji wa muhogo, kanisa lote lilikuwa limekwenda na nusu ya mawingu. Bwana akasema, piga upya, filamu nakupa, picha nitazisafirisha mwenyewe.

Nilikuwa pale nje na beseni la maandazi. Nilimsikia Mwalimu anajibu, "Ndiyo, mzee. Ndiyo, mzee." Sauti imekuwa ya kitoto. Nilimchukia, siwezi kudanganya. Niliporudi nikamwambia Bibi, Bibi akasema, "Ana kazi ya serikali, mwacheni. Mtu akiogopa mbuzi atamkatalia vipi simba?"

Kilima cha shule kinaona kila paa, na paa la Bibi lilikuwa linang'aa kutoka huko kama sufuria jipya. Kesho yake mchana Mwalimu akaja kwetu na stendi begani. Hakuingia. Alisimama uani akatazama juu. Nyumba ya Bibi iko chini ya mwamba, mwamba umetokeza mbele kama kofia yenye ukingo, na njia ya juu haioni nyumba mpaka uteremke. Hakuwahi kupanda pale. Alikuwa anaogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu.

"Bibi," akasema, "naomba ruhusa nisimame juu ya nyumba yako."

"Kwa nini hapo? Siku zote unasimama shuleni."

"Nataka nadiri yangu iwe hapa."

Bibi akamtazama. Kwenye sikio lake ilikuwa naziri, kama siku zote.

"Naziri haiwekwi kwa kuogopa, mwana wanje."

"Mimi, Bibi, kila kitu nakifanya kwa kuogopa. Nikingoja woga uishe, sitafanya kitu."

Akavua viatu akapanda. Nilimwona kutoka chini anatambaa kwa tumbo mpaka kwenye ukingo, anasimamisha stendi. Alipiga pande zote. Akainuka akapiga mbingu. Aliposhuka alikaa chini uani, akatapika kwenye maharage ya Bibi.

Bibi akamletea maji. Mimi nilikuwa nimeanza kufurahi, nimeelewa, nikasema, "Mwalimu, kumbe! Sasa na kwa Mama Faraja? Na wale wa kule kijitoni? Panda na kule!"

Hakuinua uso. "Tundu ni moja," akasema. "Picha tufe tundu lake ni moja."

Tenga lilipokuwa tayari, bwana wa gari jeupe aliliweka ofisini kwa mwenyekiti, likatundikwa. Mimi niliitwa na chai na maandazi. Nilimkuta amesimama ndani yake mpaka shingoni. Sikujua niogope au nicheke: mtu mzima, mkanda, kalamu mfukoni, na badala ya kichwa ana tenga la kuku. Sauti ikatokea humo ndani kama ya mtu aliye kisimani.

"Mwenyekiti! Mlango wa bluu huu ni wa nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Wa mkulima, mkuu."

"Mkulima gani?"

"Wa maharage."

"Jina, bwana!"

Akalisema. Angefanyaje? Tenga likazunguka kidogo. "Na paa hili lenye mawe juu? Na hizi mbili za nyasi?" Kila alipouliza, Mwalimu alifumba macho. Alikuwa amelishika tenga kwa mikono miwili lisiyumbe. "Na hapa chini ya mwamba?"

Nikaacha kumimina chai.

"Wapi, mzee?" Mwalimu akauliza.

"Hapa miguuni."

"Hapo ni nadiri, mzee. Hapo hapana picha."

"Naziri?" Naye alikuwa mtu wa bara. "Naziri ya nini?"

Mwenyekiti alinitazama mimi, mjukuu wa nyumba ya chini ya mwamba, nimesimama mbele yake na birika. Anaijua nyumba ile kama anavyoijua yake. Akatazama dari.

"Ni mambo ya kamera tu, mkuu," mwenyekiti akasema. "Hapo ni jiwe."

Na kweli, nyumba ya Bibi ilikuwa wapi? Ilikuwa shingoni mwa yule bwana. Alikuwa ameivaa kama kola.

Walikuja asubuhi, na malori. Bibi hakuwasha moto. Tulikaa ndani nimemshika mikono, kuku tumewafunika. Tulisikia injini ng'ambo ya kijito, tukasikia milango, tukasikia mbuzi. Kisha tukamsikia Mama Faraja anasema kwa sauti kubwa, ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi, "Basi ngojeni niepue maharage!" Bibi akataka kusimama. Nilimkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote. Alikuwa anasema kwa kunong'ona, "Mana yanje, Mana yanje," Mungu wangu, Mungu wangu, nami naogopa hata huo mnong'ono. Hawakuwa wametumwa kwenye mwamba. Hawakuteremka.

Baadaye nilivuka kijito. Maharage yalikuwa yameepuliwa, yamefunikwa vizuri. Mlango ulikuwa wazi.

Mwalimu hakurudi kununua maandazi. Nilimpelekea, nikamkuta amekaa kitandani na kopo la sukari limefunguliwa, kamba zote tatu chini, hajali. Aliomba uhamisho. Kwa nini Kibondo, wakati kwao ni pwani na angeweza kuomba huko, hakusema. Aliondoka na kamera, na tenga, ambalo bwana wa mjini alikuwa amelitupa uani kwa mwenyekiti, kuku wakaanza kutaga humo. Kumuaga Bibi alikuja akasimama mlangoni.

"Nimesimama mahali pamoja tu," alimwambia.

"Ego," Bibi akasema. Hakumfariji. Bibi naye alikuwa anaota mlango wa bluu kila usiku.

Mara ya mwisho nilipomwona Mwalimu ni kiangazi kilichopita. Habari zilikuwa zimefika kwamba Mama Faraja yuko kambi ya Nduta, huko Kibondo. Bibi akanifungia maharage na chupa ya mawese, akaniambia, nenda ukamwone, nami nikapanda lori la mizigo mpaka Kibondo. Njia nzima niliogopa. Sikuogopa lori. Niliogopa swali moja: kwa nini wao na si sisi? Nilijua ataliuliza, kwa haki kabisa, na nilijua jibu.

Kambini mahema na vibanda vya udongo vimepangwa mistari, vumbi jekundu, wanawake wamepanga vyombo kusubiri posho. Nikauliza, nikaoneshwa. Na kabla sijafika nikasikia mtu anasema, "Piteni, tafadhali, piteni."

Alikuwa yeye. Amekonda, tai hakuna, amebeba tenga kichwani, amesimama pembeni mbuzi wa kambini wapite. Mwanamke mmoja aliyeketi kwenye mkeka aliniambia, "Huyo? Huyo Mwarimu wa tenga. Anakuja kila siku asiyofundisha. Anatuletea nyumbani."

Watu walikuwa wamepanga foleni. Nilimwamkia, akanitambua, akataka kukimbia, namjua, macho yalishaanza kutafuta mlango wa nyuma. Lakini tenga lilikuwa limeshapokelewa na vijana wawili wanaolishikilia juu kwa mti, na zamu ilikuwa ya Mama Faraja. Alikuwa amezeeka. Akaniona, akanishika uso kwa viganja viwili, akauliza, "Bibi yako?"

"Yupo."

"Kwake?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akanitazama kidogo. Kisha akainama, akaingiza kichwa kwa lile tundu, akasimama. Nikabaki naona mwili wake tu, kitenge, na miguu isiyo na viatu kwenye vumbi. Miguu ikaanza kugeuka polepole.

"Yoo, mlango wangu," ikasema sauti ndani ya tenga. "Migomba ya mwenyekiti hiyo. Kijito. Njia ya kuombea moto..." Miguu ikasimama. Ikarudi ilikotoka, ikaja tena. "Mwarimu."

"Naam, Mama."

"Nyumba ya mwenzangu siioni. Kila mara naitafuta siioni. Iko wapi?"

Nikakumbatia chupa ya mawese. Mwalimu angeweza kusema ni jiwe. Vijana walioshika mti walikuwa wanatazama pembeni, hawajui lolote.

"Umesimama juu yake," akasema. "Nilisimama hapo ili isionekane. Yako ilionekana. Tundu lilikuwa moja, Mama. Ndiyo nadhiri yangu." Na aliitamka kwa "dh", ulimi nje, kipwani kabisa, ili pasiwe na makosa ni neno lipi.

Nilikuwa natazama miguu yake. Niliogopa itatoka, itanijia. Vidole vikajikunja, vikachimba vumbi kidogo, kama mtu anayepapasa sakafu anayoijua gizani.

"Basi kumbe siku zote nilikuwa kwake," akasema. "Usinitoe bado. Ngoja nimwombe moto."